Mgeni wa Siku ya Tatu: Jinsi ya Kuanzisha Klabu ya Wastaafu Kibera na Kawangware

Katiba ya Kenya ya 2010 humhesabu mtu kuwa mzee akishapita miaka 60, na mtumishi wa serikali hustaafu akifika umri huohuo. Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, kustaafu hakuna barua wala karamu ya kuagana. Soja aliyelinda geti Lavington anaambiwa kwamba mwezi ujao kampuni italeta kijana. Mama aliyefua nguo za watu Kileleshwa miaka yote anashindwa na goti. Fundi wa mjengo anabaki nyumbani Jumatatu, kisha Jumanne, na mwezi ukiisha ploti nzima imeshajua kwamba mzee ameacha kazi.

Mpango wa wengi ulikuwa kurudi mashambani, na wapo wanaorudi. Wengine walikuta shamba limeshagawanywa, au kliniki ya presha wanayoitegemea iko hapa, au watoto wote wako hapa na kule kwao kumebaki makaburi. Halafu kuna wanaoingia wakati wenzao wanatoka: mama anayeletwa na mwanawe kutoka Kakamega, Siaya au Machakos ili awe karibu na hospitali, au awalee wajukuu. Wako pia waliosukumwa na bomoabomoa. Julai 2018, barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipopasuliwa katikati ya Kibera, maelfu walipoteza nyumba na ikawabidi waanze upya kwenye ploti ambako hawamjui hata mwenye kioski. Kijana akihamia mtaa mpya hupata marafiki kazini au uwanjani. Mzee anaweza kumaliza miezi katika chumba cha futi kumi kwa kumi akiongea na redio.

Mwongozo huu ni wa kumtoa mzee huyo nje. Unahusu klabu ndogo ya watu kumi hadi ishirini, isiyo na mfadhili, ambayo kazi yake ni kukutana, kutembea na kujuliana hali.

Hatua ya kwanza: Tafuta watu kabla ya kutafuta jina

Ukianza na jina, muhuri na mwenyekiti, utapata ofisi isiyo na marafiki. Anza na watu watano au sita mnaoamkiana tayari, kisha kila mmoja alete mzee mmoja asiyetoka nyumbani.

Wa kukuonyesha waliko wazee hao ni wahudumu wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua wahudumu 100,000 nchi nzima, wengi wamekuwa wakipita nyumba hadi nyumba na mashine ya kupima presha mkononi. Wanajua ni mlango gani una bibi anayeishi na mjukuu wa darasa la nne. Waulize kwa adabu: usiombe orodha wala habari za ugonjwa wa mtu. Mwombe mhudumu apeleke salamu, na mzee akikubali ndipo uende. Wazee wa mtaa, imamu, katekista na mama wa kibandani pale mlangoni mwa ploti watakusaidia vilevile.

Usitangaze kwa kipaza sauti. Kibera imeandikishwa majina na mashirika mengi kiasi kwamba mtu akiona daftari anauliza kama ni la unga au la blanketi. Ukitangaza, watu mia watajitokeza siku ya kwanza, na wiki ya pili utabaki na wanne waliokasirika. Mwambie kila mtu mapema, waziwazi: hapa hakuna posho ya kikao, hakuna msaada, kuna chai na watu. Atakayekuja baada ya kusikia hivyo ni wenu.

Hatua ya pili: Chagua mahali kwa macho ya mtu mwenye goti bovu

Ukumbi wa kanisa, darasa la madrasa, chumba kwenye kambi ya chifu, hata uwanja wa ploti ya mtu mwenye roho nzuri, vyote vinafaa. Ila kabla ya kukubali, tembea mwenyewe kutoka nyumba ya mbali zaidi hadi hapo ukiwa na fimbo mkononi. Hesabu mitaro ya kuruka. Tazama kama kuna ngazi zisizo na kishikizo. Kisha uliza choo kiko wapi, na kama ni cha kuchuchumaa tu au kuna cha kukaa. Wazee wengi hukataa mwaliko kwa sababu ya choo na hawasemi. Watakwambia wana mgeni. Gatwekera, ndani ya Kibera, kuna biosenta ya TOSHA iliyojengwa kwa msaada wa Umande Trust, yenye vyoo na bafu za kulipia. Popote palipo na jengo la namna hiyo, kukutania karibu nalo ni akili.

Saa nzuri ni saa nne asubuhi hadi saa sita kasorobo. Matope yameanza kukauka, dawa za asubuhi zimeshamezwa, na bibi anawahi kurudi kuwapikia wajukuu wanaotoka shule. Ijumaa adhuhuri ni ya Waislamu, Jumamosi ni ya Wasabato, Jumapili ni ya makanisa mengine, kwa hiyo bakini katikati ya wiki na mkwepe siku za kliniki. Pesa za serikali za Inua Jamii zinapoingia, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mtu wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa, msiite mkutano: nusu ya watu watakuwa kwenye foleni.

Julai ikifika na baridi yake, sogezeni kikao hadi saa tano na muwe na uji badala ya chai.

Hatua ya tatu: Mpokee mgeni, halafu mpe jembe

Hapa ndipo klabu nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa.

Mgeni akiingia, mtu mmoja asimame kumpokea, amuulize anapenda kuitwaje. Wapo wanaotaka Mama Fulani kwa jina la mtoto wa kwanza, wapo waliofiwa na mtoto huyo na jina hilo linawachoma. Wapo wanaojivunia kuitwa shosho au guka, na wapo wa miaka 63 ambao ukiwaita shosho utakuwa umewafukuza. Mwanamume anaweza kutaka aitwe Mzee, au Fundi, au Dereva, jina la kazi aliyoiacha.

Usimuulize mtu siku ya kwanza kwao ni wapi. Najua ni swali la kawaida, na mashambani ni heshima. Lakini Kibera, tangu vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kuna wazee ambao swali hilo lilipita mlangoni mwao likiwa na panga nyuma yake. Muulize alikuwa akifanya kazi gani. Swali hilo humfungua mtu. Utashangaa nani ameketi nawe: aliyepika katika hoteli kubwa ya mjini, aliyekuwa makanga wa basi za Kenya Bus, aliyeshona sare za shule, aliyetembea kwa miguu hadi Industrial Area na kurudi kila siku ya Mungu. Kwao atakutajia mwenyewe, wiki ya tatu au ya nne, na wakati huo litakuwa jambo tamu la kutaniana.

Mgeni apewe mwenyeji mmoja, jirani wa karibu, ambaye kazi yake ni kumpitia asubuhi ya kikao na kumrudisha. Mtu aliyeletwa juzi kutoka mashambani hawezi kukumbuka njia ya vichochoro vya Laini Saba au Lindi, na aibu ya kupotea itamfanya abaki nyumbani. Kama anajua Kikamba au Dholuo tu, muweke karibu na anayejua lugha hiyo, lakini kwa wiki chache. Baadaye asogezwe kidogo kidogo, la sivyo klabu itagawanyika meza kwa meza kwa makabila. Kama hasikii vizuri, muwekeni ukutani mahali anapoona nyuso za wote.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi husoma methali hii kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi naisoma kama wosia kwa mwenyeji. Mtu aliyestaafu amepoteza jambo moja kubwa kuliko mshahara: hakuna anayemngoja tena. Basi kikao cha tatu kisipite kabla mgeni hajapewa kazi ambayo asipokuja itaonekana. Aliyekuwa soja atunze saa na mlango. Aliyekuwa mpishi asimamie chai, na asiambiwe na mtu majani ni mengi. Anayejua kusoma asome ujumbe wa simu za wenzake ambao macho yamefifia. Asiyeweza kusimama ahesabu vikombe. Kazi ndogo, lakini yake, na jina lake liandikwe kwenye daftari. Mkimwambia kila wiki "wewe keti tu, mzee, pumzika", mmemrudishia upweke ule ule mkauongezea chai.

Hatua ya nne: Pesa ziwe chache na zionekane

Chama kipo tayari. Karibu kila mama wa Kibera na Kawangware yumo katika mzunguko mmoja au miwili, na huko ndiko pa kukopa. Klabu hii isikopeshe. Sisemi hivyo kwa sababu mikopo ni mibaya. Nasema kwa sababu siku mtu anapodaiwa mia tano anaacha kuja, na klabu iliyokusudiwa kumtoa nyumbani inakuwa sababu ya kujifungia.

Wekeni mikebe miwili. Wa kwanza ni wa chai: shilingi ishirini kwa kikao, na asiyekuwa nazo anakunywa bila kuulizwa. Wa pili ni wa matembezi, kila mtu anaweka anachoweza, na kiasi chake kinaandikwa kwa jina lake kwa sababu ni nauli yake. Hesabu ifanywe mezani, kwa sauti, kabla ya watu kuondoka. Mkitumia M-Pesa, laini iwe ya mtu mmoja, namba ya siri ijulikane naye tu, na kila wiki awaonyeshe wawili wengine salio. Mjukuu asitumwe kutoa pesa za klabu, hata akiwa malaika.

Usajili haufai kuwatia haraka. Mkifikia kutaka akaunti ya benki au kuomba ukumbi wa umma, sheria ya 2022 ya usajili wa makundi ya kijamii inataka wanachama wasiopungua kumi, katiba yenu na viongozi waliochaguliwa, na pa kuanzia ni ofisi ya maendeleo ya jamii ya eneo lenu. Ofisi ya chifu itawaelekeza.

Hatua ya tano: Matembezi ya kwanza yawe ya kwenda kwa jirani

Kila mtu akisikia matembezi anawaza Mombasa. Ngojeni. Anzeni na safari ambayo mtu akichoka anaweza kurudi kwa boda.

Ninachopendekeza ni wa Kibera kuwatembelea wa Kawangware, na mwezi unaofuata Kawangware warudishe. Mitaa hii miwili iko karibu na haitembeleani. Ngong Road iko katikati yao; kutoka upande wa soko la Toi unapanda hadi Dagoretti Corner, na hapo Naivasha Road inakupeleka ndani ya Kawangware. Asiyeweza kutembea apande matatu vipande viwili vifupi.

Wa Kawangware wakija Kibera, waanzie Makina kwa Wanubi. Wazee wa huko ni wajukuu wa askari wa King's African Rifles waliowekwa kwenye eneo hili la msitu lililotengwa kwa jeshi mwaka 1904. Jina Kibera, au Kibra, lenyewe ni lao. Walingoja zaidi ya karne kupata hati ya ardhi, wakakabidhiwa ya jumuiya ya ekari 288 mwaka 2017. Mwombeni bibi mmoja awaonyeshe jinsi ya kufuma tabaga, ile sahani ya ukili wa rangi, na jinsi gurbaba, vazi la wanawake wa Kinubi, inavyofungwa. Lipeni kwa kununua kitu, na msipige picha kabla ya kuruhusiwa. Kibera imechoka na kamera. Kutoka hapo mnaweza kwenda polepole hadi kwenye reli, mahali pasipo na mteremko mkali, mkae kwenye kibanda cha chai mkiwa mbali na njia ya treni.

Wa Kibera wakienda Kawangware, soko linatosha. Wape kila wawili shilingi mia waende kununua chakula cha mchana cha pamoja: mmoja wa Kibera, mmoja wa Kawangware. Kubembeleza bei ya nduma na mtu usiyemjua kunajenga urafiki kuliko hotuba tatu za kukaribishana. Wapangeni wawili wawili hivyo kila safari, na wawili hao wasiwe wa nyumba moja wala kanisa moja.

Hatua ya sita: Sasa nendeni mbali

Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, ni safari nzuri ya kwanza ya mjini. Pako tambarare, pana kivuli na viti, na kwa mtu aliyelala miaka thelathini akisikia treni ikipita nyuma ya mabati, kupanda kwenye behewa la zamani kuna ladha ya pekee. Mkiwa na waliowahi kufanya kazi za reli, waacheni wao wawe waongozaji. Arboretumu ni ya watu wanaotaka nyasi na kimya. Karura ni pana mno kwa goti bovu, lakini kuketi karibu na lango na kusimuliana jinsi Wangari Maathai na wenzake walivyopigwa pale Januari 1999 wakizuia msitu usigawiwe ni somo kwa wajukuu mkiamua kuwabeba.

Wiki moja kabla, mtu mmoja aende mahali hapo. Aulize kiingilio, nafuu ya wazee kama ipo, na jinsi ya kulipa, kwa kuwa sehemu nyingi za serikali hazipokei noti tena na malipo hupitia eCitizen kwenye simu. Kila mtu abebe kitambulisho.

Kwa matatu ya kukodi, mwiteni dereva mwenyewe, si dalali wa steji. Kubalianeni bei ya kwenda, kungoja na kurudi kwa pamoja, mlipe nusu asubuhi na nusu mkishuka. Mwambieni kwamba hakuna muziki wa kupasua masikio na kwamba atasimama choo mkimwambia. Wasioweza kupanda vizuri wakae viti vya mbele. Ondokeni saa tatu, msongamano wa asubuhi ukishapungua, na muwe mmerudi kabla ya saa kumi.

Kila mfuko uwe na dawa za siku hiyo, maji, kitu cha kutafuna kwa mwenye sukari, na karatasi yenye jina, ugonjwa na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Hesabuni watu mkipanda, mkishuka, na mkipanda tena. Kila mtu amjue jirani yake wa kiti. Mtu asiyeonekana hutajwa na jirani kabla ya karani kumaliza daftari.

Mombasa inawezekana. Treni ya SGR, inayokwenda tangu 2017, ina nauli ya shilingi 1,500 daraja la kawaida kwenda tu, tangu bei ipandishwe Januari 2024. Zidisheni mara mbili, ongezeni malazi, na muone kwa nini mkebe wa matembezi unahitaji mwaka mzima. Kinachochosha zaidi ni kabla ya treni: stesheni iko Syokimau, upande wa pili wa jiji, na ukaguzi wa mizigo una kusimama kwingi. Fikeni mapema sana na mwombe kiti cha magurudumu kwa anayekihitaji bila kungoja azidiwe.

Hatua ya saba: Asiyefika atafutwe siku hiyohiyo

Karani asome majina kikao kinapoanza. Aliyekosa bila taarifa, mwenyeji wake ampitie kabla ya giza. Usipige simu tu. Simu ya mzee huwa imezimwa, au iko kwa mjukuu. Gonga mlango.

Ukimkuta mgonjwa, keti dakika ishirini, mpelekee alichoomba (maziwa, dawa kutoka kliniki, mtu wa kumsindikiza hospitali ya Mbagathi au kituo cha afya cha Riruta) na uondoke. Ukimkuta hana ugonjwa ila amechoka na maisha, kaa zaidi. Harare, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha nyanya wa mtaani kuketi kwenye benchi na kumsikiliza mtu, na benchi hilo limevuka mipaka ya Zimbabwe. Wala halihitaji vifaa. Sikiliza bila kumhubiria, uliza anachoona kigumu zaidi wiki hii, mpange kitu kimoja cha kufanya. Akizungumza kuhusu kutaka kufa, usibaki na siri hiyo peke yako: mwite mtu wa nyumbani na mhudumu wa afya.

Msiba utakuja, na ni heri kuupangia watu wakiwa wazima. Kila mwanachama aandike nani aitwe kwanza na anataka kuzikwa wapi: mashambani, Lang'ata, au makaburi ya Waislamu Kibera. Klabu ya wazee ishirini haiwezi kugharamia gari la mwili hadi Busia, na isijaribu. Inaweza kuketi kwenye matanga kila jioni, kupika, na kuhakikisha kwamba kuna mtu wa kuwaeleza watoto wa marehemu baba yao alikuwa nani katika miaka yake ya mwisho. Mara nyingi watoto hao hawajui.

Hatua ya nane: Ugomvi, wanaume, na mwenyekiti wa milele

Siasa zizungumzwe, watu wazima hawawezi kukatazwa. Kuanzia mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, mgombea asikanyage kikaoni, hata akija na unga.

Wanaume watakuwa wachache, na watakaokuja watataka kucheza drafti nje huku wanawake wakipika. Wekeni drafti ndani, na mpangeni zamu ya vyombo kwa majina. Wengine huvutwa na mazoezi ya mwili kuliko mazungumzo. Mtaani Korogocho kuna nyanya waliojifunza kujilinda kwa ngumi na mateke dhidi ya wabakaji, na anayewaona hasemi tena kwamba wazee hawawezi kunyoosha mikono.

Mwenyekiti akae miezi mitatu, kisha jembe lipite kwa mwingine. Aliyekuwa bosi kazini asipewe zamu ya kwanza.

Majina yakizidi ishirini, gaweni klabu. Wanaotoka wachukue nusu ya vikombe, nakala ya daftari na mkebe mpya, wachague kwao siku isiyogongana na yenu, na tarehe ya kutembeleana iandikwe kabla hawajaondoka.